Springi za Upepo na Rimoti Yake

Kiingereza hukitaja kifaa cha kuziamuru springi za upepo za gari kwa mbali kwa maneno manne yasiyo na kiungo kati yake, na tafsiri ya mashine huyageuza kuwa kitu kama "mfumo wa kudhibiti kusimamishwa kwa hewa bila waya". Kila neno hapo ni la Kiswahili, lakini fundi wa Naivasha akiyakuta maneno hayo kwenye boksi la vifaa alivyoletewa avifunge garini, hatakuwa ameambiwa jambo la kweli. Kusimamisha ni kuzuia kitu kisiendelee, au kukiweka wima, au kumwondoa mtu kazini kwa muda. Hewa ikisimamishwa, maana ya kwanza inayokuja ni kwamba imezuiwa isipite. Kifaa hiki kipo ili hewa ipite: iingie, itoke, na kati ya hayo mawili ibebe gari. Ninalotetea hapa ni kwamba istilahi ya ufundi inapaswa kufuata kazi ya kifaa na si historia ya neno la kigeni, na kwamba upatanisho wa ngeli unatupa uwezo wa kueleza kazi hiyo kwa usahihi ambao jina la Kiingereza halina.

Tuitazame kazi yenyewe. Gari la mizigo la kawaida huketi juu ya springi za chuma. Likipakiwa, springi hulala, nyuma hushuka, taa za mbele hutazama juu na usukani huwa mwepesi kupita kiasi. Likiwa tupu, springi hizohizo huwa ngumu mno na gari huruka kwenye kila shimo. Pikapu inayopanda kutoka barabara ya kusini mwa Ziwa Naivasha hadi Olkaria ikiwa na mabomba na vali za visima vya mvuke, kisha ikarudi bila kitu, hupitia hali zote mbili kwa siku moja. Springi ya upepo hutatua hilo kwa sababu ugumu wake hubadilika. Ni mfuko wa mpira ulioimarishwa kwa nyuzi, umebanwa juu na chini kwa vipande vya chuma, na ndani yake mna hewa iliyoshindiliwa na kompresa. Mzigo ukiongezeka, hewa huongezwa na gari hurudi kwenye kimo chake. Mzigo ukishushwa, hewa hupunguzwa. Kati ya tangi la hewa na kila mfuko kuna vali inayofunguliwa kwa umeme, na kuna kisanduku kinachoamua ni vali ipi ifunguke na kwa muda gani. Dereva hukiamuru kisanduku hicho kwa kifaa kidogo cha mkononi kinachotuma mawimbi ya redio, au kwa programu iliyo kwenye simu yake.

Sasa hilo "kusimamishwa" lilitoka wapi? Neno la Kiingereza linalotafsiriwa hivyo lina pia maana ya kutundika, nalo lilitoka kwenye magari ya farasi ya Ulaya, ambayo mwili wake ulitundikwa kwa mikanda ya ngozi ili abiria wasitikiswe. Gari lilining'inia kweli, na jina lilieleza kilichoonekana. Mikanda iliondoka, chuma kikachukua nafasi yake, kisha hewa: mabasi ya Greyhound huko Marekani yalikuwa na springi za upepo mwaka 1954, na Cadillac ikaziweka kwenye gari la watu binafsi, Eldorado Brougham, mwaka 1957. Kufikia hapo hakukuwa na kitu kinachoning'inia tena, ila jina lilibaki kwa mazoea. Mfasiri anayeandika "mfumo wa kuning'inia kwa hewa" anatafsiri mikanda ya ngozi ambayo fundi wake hatawahi kuiona. Kiswahili kiliwahi kufanya vizuri zaidi. Gari lilipofika pwani, chombo cha kuliongozea kiliitwa usukani, jina la kiongozea jahazi, ingawa cha jahazi kimo majini nyuma na cha gari kimo mikononi mwa dereva. Umbo halikufanana hata kidogo. Kazi ilikuwa ileile, na jina likashika.

Mtu anaweza kunijibu kwamba tafsiri ya neno kwa neno imetupa istilahi nzuri, na mfano wake uko palepale Olkaria. Tangu mtambo wa kwanza wa megawati 15 uanze kufua umeme mwaka 1981, nishati ya pale imehitaji jina, na neno jotoardhi limekubalika magazetini, shuleni na maofisini. Hilo ni tafsiri ya sehemu kwa sehemu ya neno la asili ya Kigiriki. Kanieneo nalo limeundwa kwa kuunganisha kani na eneo. Pingamizi hili ni la haki, na linanisaidia kuinoa hoja. Jotoardhi limefaulu kwa sababu sehemu zake mbili zinaelekeza kwenye vitu viwili vilivyopo: joto lipo, na ardhi ndiyo inayolitoa. Kanieneo humwambia mwanafunzi hata hesabu ya kufanya, agawanye kani kwa eneo. Kwa hiyo kosa haliko katika kutafsiri sehemu za neno. Liko katika kutafsiri sehemu ambayo haielekezi tena kwenye kitu chochote. Sheria ya Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 1992 kuhusu uzito wa magari ilipotaka kuyapa nafuu magari yenye springi za aina hii, haikutegemea jina. Ilisema mfumo ni wa hewa iwapo angalau asilimia 75 ya nguvu ya springi inatokana na hewa. Huo ni ufafanuzi wa kazi, na unaweza kupimwa. "Springi za upepo" ni jina linalokubaliana nao moja kwa moja: lipo neno springi, ambalo kila gereji inalijua, na lipo linaloifanya iwe springi.

Walimu wa fizikia watauliza kwa nini upepo na si hewa. Kwao upepo ni hewa inayosafiri, na iliyofungiwa mfukoni haisafiri. Katika kitabu cha fizikia nisingebishana nao. Lakini lugha ya magari ilikwisha kuamua: tairi hujazwa upepo, tairi hupungua upepo, na madereva wa malori huzungumza juu ya breki za upepo. Mfuko wa springi hujazwa kwa kompresa ya aina ileile, hupimwa kwa geji ya aina ileile na huvuja kwa namna ileile, kwa hiyo kuupa neno jingine ni kuwaficha mafundi undugu wa vifaa wanavyovijua. Undugu huo una faida ya vitendo hasa mahali palipoinuka kama Olkaria. Pale ni takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya nje ina kanieneo pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Kompresa ikivuta hewa hiyo hupata kidogo kwa kila mpigo, na tangi huchelewa kujaa. Aliyeifunga pwani akaiona inajaza upesi asidhani imeharibika ikipandishwa huku. Lakini pia asiiache ifanye kazi mfululizo kupita muda uliowekwa na mtengenezaji, kwa maana huungua. Fundi wa tairi anazo dhana zote zinazohitajika kuelewa haya, mradi jina limwonyeshe kwamba ni jambo la upepo uleule.

Nakiri kuna tatizo moja la kweli katika neno hili. Wazee wetu waliita redio na simu za kwanza zisizopita kwenye nguzo "simu ya upepo". Kwao upepo ndio uliochukua nafasi ya waya. Mtu akisema "udhibiti wa upepo", basi, sikio linaweza kusikia mambo mawili: kwamba kinachodhibitiwa ni upepo, au kwamba udhibiti unapita hewani. Ndiyo maana neno springi lazima libaki. Likiondolewa kwa ajili ya ufupi, nusu mbili za istilahi hii huangukia neno moja.

Hapo tunafika kwenye waya, na ndipo nadhani kuna mengi ya kusemwa. Kiingereza huliweka neno la "bila waya" mwanzoni, mbali na kila kitu, na hakisemi ni nini hasa kisicho na waya. Kiswahili hakiruhusu hilo. Tukisema "mfumo wa springi za upepo usio na waya", u- ya usio inashika mfumo mzima, nasi tumesema uongo, kwa sababu mfumo umejaa nyaya. Kuna waya mnene kutoka betri hadi kompresa, lazima uwe na fyuzi karibu na betri, kuna rilei, kuna waya wa kuunga ardhi kwenye chesisi, kuna nyaya za kila vali na za kila kihisi cha kimo au cha kanieneo. Tukisema "springi za upepo zisizo na waya", tumesema kweli isiyomfaa mtu. Tukisema "kidhibiti kisicho na waya", tumekaribia, lakini kisanduku kilichofungwa garini nacho ni kidhibiti, na nyaya zote zinaishia humo. Kiungo kimoja tu ndicho kisicho na waya: kati ya mkono wa dereva na kisanduku. Mwandishi wa Kiswahili hulazimika kuchagua upatanisho, na katika kuchagua hulazimika kujua mashine ilivyo.

Ukweli huo si anasa ya wanalugha, hasa kwa gari la Olkaria. Mvuke wa visimani hutoka na gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza, na wahandisi wa jotoardhi wanajua jinsi inavyoila shaba. Viungio vya shaba visivyofunikwa huwa vyeusi, ukinzani huongezeka, na vali ya umeme huanza kukataa amri bila sababu inayoonekana. Kuna pia vumbi la majivu ya volkeno, na mawe ya obsidiani yenye makali ambayo yakirushwa na tairi yanaweza kukata mfuko au bomba la plastiki. Anayeamini amenunua mfumo "usio na waya" hatanunua viungio visivyopitisha unyevu wala hatapaka grisi ya umeme kwenye ncha za nyaya, kwa sababu jina limemwambia nyaya hazipo.

Jina ninalolipendekeza kwa kile cha mkononi ni rimoti ya springi za upepo, na neno pasiwaya, yaani bila waya, liachwe kabisa. Rimoti katika matumizi yetu ni kifaa kinachoamuru kwa mbali bila kuunganishwa; hakuna anayesema rimoti ya televisheni isiyo na waya. Kipingamizi kimoja ni kwamba malori mengi yana kidhibiti cha springi kilichofungwa kwa waya uliojiviringisha karibu na kiti cha dereva. Hicho kiitwe rimoti ya waya, maana ndicho chenye jambo la pekee la kutajwa. Kingine ni kwamba rimoti ni neno la mkopo. Ni kweli, kama ilivyo springi, breki, gia na jeki. Shule zetu zimefundisha tarakilishi kwa miaka mingi na watu wakaendelea kusema kompyuta. Neno geni lililozoeleka halimpotoshi fundi. Linalompotosha ni neno la asili lililowekwa mahali pasipo pake, kama lile kusimamishwa. Tena, neno rimoti huleta swali linalostahili kuulizwa kabla ya kununua: inatumia masafa gani? Vifaa vilivyotengenezewa soko la Marekani vinaweza kutumia masafa ya karibu na megahezi 915, ambayo hapa yanagongana na masafa ya simu za mkononi, na vifaa vya redio nchini Kenya vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano.

Limebaki neno kudhibiti, nalo linagusa sheria. Mizani ya Gilgil, kwenye barabara ya Nairobi na Nakuru, haipimi uzito wote tu bali pia uzito wa kila kundi la ekseli. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56 na ekseli saba kwa gari zima, na tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne. Sababu ilipatikana kwenye majaribio ya barabara yaliyofanywa Ottawa, Illinois, kati ya 1958 na 1960: uharibifu hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, hivyo ekseli iliyozidisha moja ya tano huharibu lami karibu mara mbili. Springi za upepo zilizounganishwa kwa bomba moja husawazisha mzigo kati ya ekseli za kundi lake. Lakini aliye na rimoti anaweza kutoa upepo kwenye ekseli moja na kuhamishia mzigo kwenye nyingine. Kwa hiyo kudhibiti hapa si kupandisha na kushusha gari tu. Ni kuamua lami ibebe nini wapi, na maelekezo ya Kiswahili yanapaswa kulisema hilo waziwazi.

Wapo watakaosema mafundi wanaelewana tayari kwa saspensheni na maneno mengine waliyoyazoea, kwa hiyo kazi hii haina haja. Wanaelewana wakiwa wamesimama pamoja mbele ya gari. Rimoti, hata hivyo, humwezesha mtu aliye ndani ya ofisi kulishusha gari ambalo mwenzake amelala chini yake, na onyo la hatari hiyo halitolewi kwa mazungumzo. Huandikwa na kubandikwa. "Usiingie chini ya gari kabla ya kuliweka juu ya stendi na kukata umeme wa kisanduku cha springi za upepo, rimoti iwe mikononi mwa aliye chini" ni maneno ambayo taniboi na mhandisi watayasoma kwa maana moja. Kwenye lori litaongezwa onyo la pili: upepo wa springi uchukuliwe baada ya vali ya kinga, ili springi ikipasuka, upepo wa breki ubaki.