Hariri Iliyoonyesha Njia za Umeme

Mwaka 1838, mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alichukua chombo chenye tapentaini safi, akatumbukiza nyaya mbili, kisha akatia vipande vidogo vya hariri nyeupe. Waya mmoja akaupa umeme wa mashine, wa pili ukawa njia ya kuutoa. Papo hapo hariri ikakusanyika kutoka kila upande, ikajipanga utepe mmoja toka waya hadi waya. Umeme ulipokatika, utepe ulilegea na vipande vikatawanyika.

Jaribio hilo liligusa swali zito. Mwaka 1733 Mfaransa Charles du Fay alikuwa amebaini kwamba umeme ni wa aina mbili (leo huitwa chanya na hasi): wa aina moja husukumana, wa aina tofauti huvutana. Mwaka 1785 Charles-Augustin de Coulomb akapima kani hiyo: umbali ukiwa maradufu, kani hubaki robo. Ila wanahisabati wengi waliamini kuwa kani huruka kutoka chaji, yaani kitu chenye umeme, hadi chaji nyingine, na nafasi ya katikati haina kazi.

Faraday alikataa. Mwana huyu wa mhunzi, aliyeanza kujisomea sayansi katika vitabu alivyovijalidi, hakuwa na hisabati ya juu, lakini alijua kutazama. Alielewa kwamba kila kipande cha hariri kilipata ncha chanya na ncha hasi, kisha kikashikana na jirani yake. Kwake, kani ilipita hatua kwa hatua katika mistari.

Mistari hiyo hutoka kwenye chaji chanya na kuishia kwenye chaji hasi. Ukiweka chaji chanya ndogo katikati ya hizo mbili, moja huisukuma na nyingine huivuta kuelekea upande uleule, hivyo kani hujumlishwa. Pembeni mistari hupinda. Mbali zaidi, chaji hizo mbili, zikilingana kwa ukubwa, hukaribia kufutana: umbali ukiwa maradufu, uga, yaani athari ya chaji iliyoenea katika nafasi inayozizunguka, hubaki takriban sehemu ya nane.

James Clerk Maxwell aliyaandika mawazo hayo kihisabati, na mwaka 1865 akaeleza kuwa mawimbi ya umeme na sumaku husafiri kwa kasi ya mwanga. Kufikia 1888 Heinrich Hertz alikuwa ameyazalisha maabarani, na redio ikafuata.

Wanafunzi wetu hukutana na kanuni ya Coulomb kwanza, na kuikariri bila kuona chochote. Historia yenyewe inatufundisha mpango bora: waanze kuutazama uga ukifanya kazi, kisha waukokotoe.