Dawa ya akili na mwili usiotulia: historia kutoka Laeken

Katika kanisa la Mama Yetu mtaani Laeken, kaskazini mwa Brussels, amezikwa Charlotte, binti wa mfalme wa kwanza wa Ubelgiji na mke wa Maximilian aliyetawala Mexico. Alizaliwa katika kasri la Laeken mwaka 1840. Akili yake iliyumba mwaka 1866, na kwa miaka 60, hadi alipofariki dunia mwaka 1927, alitunzwa ndani ya kuta za makasri. Dawa ya maradhi yake haikuwapo.

Mwaka 1923 ilifunguliwa mtaani humo hospitali ya Brugmann, iliyosanifiwa na Victor Horta. Wagonjwa wa akili wanaotibiwa hapo leo wanapata kile alichokikosa binti wa mfalme.

Mwaka 1952 mjini Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker walionyesha kwamba klorpromazini huwatuliza wagonjwa. Mwaka 1958 maabara ya Paul Janssen huko Beerse, Ubelgiji, ikatengeneza haloperidoli. Wengi waliokuwa wamefungiwa hospitalini kwa miaka waliweza kurejea makwao.

Gharama ilidhihirika baadaye. Dawa hizo huzuia kemikali ya dopamini, ambayo pia huongoza miendo ya mwili. Baadhi ya wagonjwa hukakamaa au kutetemeka mapema. Wengine, baada ya miezi au miaka, hutafuna bila chakula, hutoa ulimi na kuchezesha vidole bila hiari. Daktari Schönecker wa Ujerumani alieleza hali hiyo mwaka 1957. Mwaka 1964 Faurbye na wenzake wa Denmark wakaipa jina, diskinesia ya kuchelewa. Kwa baadhi, haikomi hata dawa ikiachwa.

Dawa hizo mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hutumika pia Afrika Mashariki. Huko jamaa waweza kudhani ni pepo, au kwamba wazimu umerudi. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha dawa mbili za kutibu miendo hiyo, lakini bei yake ni kubwa mno.

Kuacha dawa ghafla huweza kurudisha maradhi. Madaktari hushauri kipimo kidogo kinachotosha, na kumchunguza mgonjwa mara kwa mara. Jamaa anayeona mdomo ukicheza na kumweleza daktari mapema humpa mgonjwa nafasi ambayo wengi wa waliotangulia hawakuipata.