Ngome, umeme na mawe ya Shinkolobwe

Alama za jeshi haziwekwi bure. Njo maana tunaomba msomaji aangalie pamoja nasi alama za mainjinieri wa jeshi la Marekani, sababu moja kati yazo inagusa udongo wa Katanga.

Alama yao ya zamani ni ngome yenye minara mitatu, waliyoipokea mwaka 1840. Kwenye vifungo vya koti kuna tai mwenye kubeba utepe, na juu ya utepe neno moja: Essayons. Sisi tuliosoma Kifaransa hatuna haja ya kamusi: «tujaribu». Mainjinieri Wafaransa waliwasaidia Wamarekani katika vita vya uhuru, na lugha yao ikabaki palepale kwenye vifungo.

Mwezi wa nane 1942 mainjinieri hao walifungua kitengo kipya. Desturi yao ilikuwa kuita kitengo kwa jina la mji penye ofisi. Ofisi ilikuwa Manhattan, basi kikaitwa hivyo, jina lisilofunua siri. Kazi yake: bomu ya atomiki. Tarehe 18 Septemba, Kanali Kenneth Nichols alimwendea Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, kule New York. Alikuta tani karibu 1.200 za mawe ya urani ya Shinkolobwe zimekwisha kufika, zimelala Staten Island tangu 1940! Mapatano hayakuchukua hata saa moja.

Mwaka 1945 kitengo kilipata alama yake ya begani. Msingi wake ni buluu. Juu iko nyota ya idara ya huduma za jeshi, imezungukwa na wingu jeupe, lile la mlipuko. Chini ya wingu, umeme mweupe unapasua duara la manjano, ndiyo atomu.

Kwa mchoro, tunausifu: kazi yote inasomeka kwenye kitambaa kidogo. Lakini jiwe halimo. Mtu atasema lile duara la manjano ni urani yenyewe. Hatukubali. Duara lile ni la wataalamu na maabara. Wachimbaji Wakongo walioyatoa mawe yale chini ya udongo, wakayachambua kwa mikono, hawakuachiwa hata pembe moja.

Tunapofundisha Hiroshima na tarehe 6 Agosti 1945, tuchore alama ile ubaoni, kisha kando yake tuchore jiwe la Shinkolobwe. La chaki, jamani, si la kweli!