Somo la Kwanza la Akiolojia: Kutoka Olorgesailie hadi Kitengela

Mtu anapoanza kujifunza akiolojia, aghalabu hudhani kwamba kazi yake ni kutafuta vitu. Dhana hiyo ina chanzo chake: vitu ndivyo vinavyowekwa katika makabati ya majumba ya makumbusho, na ndivyo vinavyosifiwa magazetini. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mifano ya nchi ya Kajiado, kwamba dhana hiyo ina kasoro, na kwamba kosa hilo la mwanagenzi laweza kufuta historia mahali kama Kitengela, ambako ardhi huchimbwa kila siku.

Tuanze na Olorgesailie, kando ya barabara ya Magadi, yapata kilomita 70 kusini-magharibi ya Nairobi. Mwanajiolojia J. W. Gregory aliona zana za mawe hapo mwaka 1919. Mwaka 1942 Mary na Louis Leakey walikuta mamia ya mashoka ya mkono yametapakaa juu ya ardhi. Haya ni mawe yaliyochongwa pande zote mbili, yasiyo na mpini, yaliyoshikwa kiganjani. Wachongaji wake hawakuwa watu wa aina yetu, bali viumbe wa jamii ya binadamu waliokwisha toweka; vipande vya fuvu la mmoja wao, aliyeishi yapata miaka 900,000 iliyopita, vilipatikana hapo mwaka 2003. Lililo muhimu kwetu ni kwamba mengi ya mashoka hayo hayakukusanywa. Yaliachwa pale pale, na mgeni huyatazama akiwa juu ya ulalo wa mbao.

Kwa nini yaliachwa? Wanaisimu hawatashindwa kulielewa jibu. Neno lililong'olewa katika sentensi hubaki na umbo lake, lakini hatujui tena lilitumiwa na nani, kwa nani, wala kwa maana gani. Shoka lililotiwa mfukoni hutuambia tu kwamba palikuwa na mtu aliyechonga jiwe. Likibaki ardhini, laweza kuulizwa mengi zaidi: limo katika tabaka gani? Limeelekea wapi? Liko karibu na mifupa ya mnyama gani? Glynn Isaac, aliyefanya utafiti hapo katika miaka ya 1960, aliuliza swali linaloonekana dogo: je, mashoka haya yalirundikwa na mikono ya watu au na maji ya vijito? Mawe yaliyosukumwa na maji huweza kulala kwa kufuata mkondo, na kingo zake huweza kusagika. Basi ushahidi wa kujibu swali hilo umo katika jinsi mawe yanavyolala, na anayeyaokota huuharibu papo hapo.

Somo la pili ni la matabaka. Kanuni yake ni nyepesi: tabaka la chini ni kongwe kuliko la juu, maadamu ardhi haijavurugwa. Ugumu u katika kuutambua huo mvurugo, uwe ni shimo la mnyama, mzizi wa mti au msingi wa nyumba. Olorgesailie palikuwa na ziwa ambalo lilijaa na kukauka mara nyingi, na volkano za Bonde la Ufa zilimwaga majivu juu ya mashapo yake. Majivu hayo yana chembe zenye potasiamu, ambayo sehemu yake hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Kwa kupima agoni iliyokusanyika, wataalamu hukadiria umri wa jivu, na kwa hiyo umri wa vitu vilivyo juu na chini yake. Shoka lenyewe halipimwi. Linalopimwa ni jirani yake. Shoka lisilo na jirani halina umri.

Hata hivyo, kitabu hiki cha ardhi kina kurasa zilizopotea. Mmomonyoko uliondoa mashapo ya Olorgesailie ya kati ya miaka 500,000 na 320,000 hivi iliyopita. Mwanagenzi asiseme kwamba wakati huo hapakuwa na watu, kwani kukosekana kwa tabaka si ushahidi wa kukosekana kwa maisha. Kwa sababu hiyo mwaka 2012 watafiti walitoboa ardhi katika bonde jirani la Koora, wakatoa mhimili wa mashapo wenye urefu wa mita 139, unaohifadhi habari za mazingira za takriban miaka milioni moja.

Somo la tatu ni tahadhari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kuanzia yapata miaka 320,000 iliyopita wakazi wa Olorgesailie walitumia zana ndogo zaidi, walipata mawe ya kioo cha volkano kutoka umbali wa kilomita 25 hadi 95, na walitumia madini ya rangi nyekundu na nyeusi. Msomaji atakumbuka mara moja udongo mwekundu wanaojipaka Wamasai, na atashawishika kuunga mambo hayo mawili. Asifanye hivyo. Wamasai wamekaa nchi hiyo kwa karne chache tu. Sisi tunaolinganisha lugha twajua kwamba maneno mawili yanayofanana si lazima yawe na asili moja. Kufanana si undugu mpaka hatua za katikati zithibitishwe.

Sasa twende Kitengela. Mji huu umejengwa juu ya Uwanda wa Athi na Kapiti, na katika uwanda huo huo, upande wa Machakos, kuna kilima cha Lukenya, ambako wachimbuzi wamekuta makao ya wawindaji wa Zama za Mawe za Mwisho na ya wafugaji waliowafuata. Hakuna sababu ya kudhani kwamba watu hao wa kale walikomea kilimani. Lakini Kitengela malisho yamegawanywa kuwa viwanja, na kila siku huchimbwa misingi, visima na mashimo ya vyoo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 humtaka anayegundua kitu cha kale aiarifu Makumbusho. Lakini atatoaje taarifa mtu asiyekitambua kitu chenyewe?

Wala tusiseme kwamba elimu hii ni ya wenye shahada peke yao. Kamoya Kimeu, aliyefariki mwaka 2022, alianza kazi kama kibarua wa uchimbuzi mwaka 1960. Mwaka 1984 aligundua mabaki ya kijana wa Turkana. Macho yake yalisomeshwa shimoni.

Hapa ndipo wajibu wa idara za lugha unapoingia. Maneno ya somo la kwanza tunayo tayari: tabaka, jivu, mashapo, mvurugo. Kinachokosekana ni kuyaandika kwa namna atakayoielewa mchimba msingi: usiking'oe, weka alama, toa habari. Tukichelewa, kurasa zitakazokosekana Kitengela hazitakuwa zimeondolewa na mvua wala upepo, bali na sululu zetu wenyewe.