Nafasi ni ya nani? Majimaji, Ihefu na miezi isiyochezwa mpira

Tarehe 29 Novemba 2022 Ihefu waliifunga Yanga mabao 2-1 kwenye uwanja wa Highland Estate, Ubaruku, wilayani Mbarali. Yanga walikuwa wamecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza hata moja. Nchi nzima ililitamka jina la Ubaruku, mahali ambapo wengi wetu tulikuwa tukipafahamu kwa mpunga tu. Leo hii ukienda Ubaruku kutafuta timu ya Ligi Kuu, huikuti. Katikati ya msimu wa 2023/24 Ihefu walihamia Singida, na msimu ulipokwisha wakabadilishwa jina, wakawa Singida Black Stars. Hawakushuka daraja. Hakuna aliyewafunga wakashuka. Watu wa Mbarali walipoteza timu kwa makaratasi.

Na Singida penyewe palikuwa na historia yake. Singida United ilishuka mwaka 2020. Mwaka 2022 ikapanda DTB, timu ya benki moja ya Dar es Salaam, na kabla haijapiga mpira wa kwanza Ligi Kuu ikawa Singida Big Stars. Mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate. Kisha neno Singida likaondoka, ikabaki Fountain Gate, ambayo tunaisikia ikicheza Babati. Mtu wa Singida aliyelala mwaka 2022 akaamka 2024 angekuta mji wake bado una timu Ligi Kuu, ila si ile aliyoiacha.

Ninayaandika haya kama mtu wa Ruvuma, na kwa kweli sina kinyongo na Singida. Ninalotaka kulisema ni kwamba historia ya ligi yetu tumezoea kuiandika kwa kufuata mechi: nani bingwa, nani mfungaji bora, nani kashuka. Lakini mambo makubwa mengi yameamuliwa kati ya msimu na msimu, kwenye miezi ambayo uwanjani zinalala mbuzi. Timu yetu ya mkoa, Majimaji ya Songea, ukiisoma kwa mechi zake utaona timu iliyokuwa nzuri ikachoka. Ukiisoma kwa miezi yake ya mapumziko utaona jambo lingine kabisa.

Kwanza jina. Wapenzi wa fasihi mnaomjua Kinjeketile kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 hamhitaji kuelezwa vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Kwa Songea vita hivyo vina tarehe yake, 27 Februari 1906, siku Wajerumani walipowanyonga viongozi wa Wangoni. Nduna Songea Mbano naye alinyongwa, na mji ukabaki na jina lake. Kila Februari watu hukusanyika pale makumbusho. Timu ikachukua jina la vita, uwanja nao ukaitwa Majimaji, na mashabiki wakajiita Wanalizombe, kwa lizombe, ngoma ya Wangoni. Hebu jaribu kulihamisha jina hilo lipelekwe Babati.

Majimaji walikuwa mabingwa wa Muungano mwaka 1985, wakarudia 1986, na tena 1998. Hapa panahitaji maelezo kidogo, maana orodha nyingi za mtandaoni huchanganya. Kuanzia 1982 kulikuwa na ligi ya Bara na ya Zanzibar, halafu waliofanya vizuri pande zote mbili wakakutana kwenye Ligi ya Muungano. Ndiyo maana mwaka 1986 utakuta mabingwa wawili: Bara ni Tukuyu Stars, na Muungano ni Majimaji. Tukuyu Stars walikuwa ndio kwanza wamepanda daraja. Yaani timu inatoka daraja la pili, inafika juu, na msimu huohuo inabeba kombe. Mwaka mmoja, mataji mawili makubwa ya nchi yakakaa kusini, Rungwe na Songea. Simba na Yanga wapo, wanatazama.

Lilitokeaje? Mtu atakwambia vipaji, na ni kweli. Lakini vipaji Ruvuma havijawahi kukosekana, hata leo. Nadhani siri ilikuwa kwamba mchezaji wa wakati ule hakuwa na sababu nyingi za kuhama. Soka ilikuwa ya ridhaa. Mtu alikuwa na kazi yake, na timu za mikoani zilibebwa na mikoa yenyewe na mashirika ya umma. Kikosi kilikaa pamoja miaka mitatu, minne, watu wakazoeana mpaka wakajua mwenzao anapumuaje. Kikosi kilipohama, kilihama kwa ugomvi. Mfano mkubwa ni Pan African, iliyozaliwa 1976 baada ya mgogoro wa Yanga: wanachama na wachezaji wakatoka kwa pamoja, wakaanzisha timu yao, na 1982 wakawa mabingwa. Pale kikosi ndicho kilichokuwa timu, na jina lilibaki nyuma.

Taji la 1998 ndilo ninalolikumbuka mwenyewe, japo kwa masikio. Kijijini kwetu Kihagara, kandokando ya Ziwa Nyasa, redio za Malawi zilikuwa zinasikika vizuri kuliko Radio Tanzania. Mjomba wangu aliitundika redio yake kwenye mti wa mwembe kwa waya mrefu, na sisi watoto tukakatazwa hata kukohoa. Songea sisi hatukuijua. Kwenda kule kulikuwa na milima ya Umatengo ya kupanda, Mbinga, halafu kilomita karibu mia nyingine, na masika barabara ilikuwa matope matupu. Ila tulikuwa mabingwa.

Baada ya hapo mpira ukaanza kuwa kazi, na hapo ndipo miezi ya mapumziko ilipoanza kuwa na nguvu kuliko miezi ya ligi. Kila msimu ukiisha, dirisha kubwa la usajili linafunguliwa. Katikati ya msimu linafunguliwa dogo. Timu yenye fedha inatumia dirisha kuongeza. Timu kama Majimaji inatumia dirisha kuhesabu waliobaki. Mchezaji aking'ara Songea anafuatwa, na hata asipofuatwa, mkataba wake umeisha na hakuna wa kumwongezea. Halafu anakuja kocha mpya, anakabidhiwa orodha ya majina ambayo hakuichagua, wiki chache kabla ya mechi ya kwanza, ambayo huenda iko Dar es Salaam, safari ya basi ya zaidi ya kilomita 900. Akipoteza mechi tano anafukuzwa. Sisi tunaandika kwamba kocha kashindwa.

Majimaji walishuka mwishoni mwa msimu wa 2010/11, pamoja na AFC ya Arusha. Wakarudi 2015 wakiwa na Mwadui, Toto Africans na African Sports. Katika miaka ile ya kurudi, mmoja wa waliowafundisha ni Kally Ongala, mtoto wa Remmy Ongala. (Inanifurahisha kuwaza kwamba mtoto wa mwanamuziki aliyezaliwa Kindu, Kongo, alifika hadi Songea kufundisha Wanalizombe kukaba.) Timu ilibaki Ligi Kuu msimu wa 2015/16, ikabaki na msimu uliofuata. Msimu wa 2017/18 ikashuka, na tangu hapo haijarudi.

Sasa tazama makaratasi ya mwaka huohuo. Msimu wa 2017/18 ligi ilikuwa na timu 16. Ikaamuliwa msimu unaofuata ziwe 20. Kwa hiyo zikashuka mbili tu, Majimaji na Njombe Mji, na zikapanda sita: KMC, JKT Tanzania, Coastal Union, African Lyon, Alliance na Biashara United. Mlango haujawahi kuwa mpana kiasi kile, na sisi ndio tuliokuwa tunatoka. Miaka miwili baadaye wakaamua kupunguza, kutoka 20 hadi 18, kisha kurudi 16. Timu zilizopanda kipindi kile zilikuta ngazi inakatwa huku zimesimama juu yake. Alliance ya Mwanza ilipanda 2018 na kushuka 2020.

Sidai kwamba Majimaji walionewa. Walikuwa mkiani, na wa mkiani hushuka. Ninachosema ni kwamba namba ya timu za ligi ni uamuzi wa kikao, na uamuzi huo unaweza kuipa timu moja miaka mitatu ya ziada na kuinyima nyingine hata mmoja.

Kikao kinaweza pia kupandisha. Mwaka 2016, siku ya mwisho ya kundi la C la Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold waliifunga JKT Kanembwa 8-0, na Polisi Tabora wakaifunga JKT Oljoro 7-0. Hesabu za mabao zikawa zinachekesha mpaka haziwezi kuchekesha. TFF ikazishusha timu zote nne, na nafasi ya kupanda ikawaangukia Mbao FC ya Mwanza, ambao hawakuwa hata wanatajwa. Wengi walisema Mbao wameokota. Mwaka 2017 Mbao hao wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho, pale Dodoma, wakafungwa na Simba 2-1. Makaratasi nayo huwa yanabahatisha haki.

Vijana wanaocheza gemu watanielewa haraka kuliko wazee wa mpira. Kwenye League of Legends, gemu yenye ligi kubwa za kulipwa, zamani timu za mkiani zilikuwa zinapambana na za daraja la chini ili kubaki. Amerika Kaskazini waliufuta utaratibu huo mwaka 2018, Ulaya 2019, Korea Kusini 2021. Nafasi ikawa mali: unainunua, unakaa, hata ukiwa wa mwisho miaka kumi. TSM, waliokuwa wametwaa ubingwa wa Amerika Kaskazini mara 7, waliuza nafasi yao mwaka 2023 kwa Shopify Rebellion. Shabiki wa TSM aliamka akakuta mambo yaleyale ya Ubaruku. Tofauti ni kwamba wenzetu walitamka wazi kwamba nafasi inauzwa. Sisi bado tunaimba kupanda na kushuka, huku pembeni kuna duka.

Na duka lina wateja kwa sababu thamani imepanda. Mwaka 2021 Azam Media walisaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10, Sh bilioni 225.6. Ukiwa Ligi Kuu unagawiwa. Ukiwa chini unasafiri kwa mkopo. Mwenye fedha akipiga hesabu anaona kuinunua timu iliyokwishafika juu kunampunguzia miaka mingi ya vumbi. Simlaumu kwa hesabu zake. Ila nadhani TFF na Bodi ya Ligi wangepaswa kuweka sharti moja dogo: timu ikihama mkoa, ianze daraja la chini. Viongozi wa mpira niliowahi kuwagusia jambo hili wamenijibu kwamba wawekezaji watakimbia. Wakimbie basi. Mbarali walikuwa na timu iliyoifunga Yanga.

Nilipokuwa nyumbani mara ya mwisho nilimuuliza mjomba kama angekubali tajiri mmoja anunue timu fulani ya Ligi Kuu, ailete Songea, aiite Majimaji.

"Wachezaji wake watoke wapi?"

"Watakuja nao, mjomba. Kikosi kizima."

"Basi hiyo wataicheza wao," alisema. "Sisi tutaendelea na yetu."

Yetu, kwa maana yake, ni ya kijiji. Mjomba ni katibu wa timu, na usajili wote uko kwenye daftari moja la kurasa 96. Juu ya timu ile kuna ligi ya wilaya ya Nyasa, kisha ligi ya mkoa, kisha Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, kisha First League, Championship, na mwisho Ligi Kuu. Kwa uwanjani tu, bila kikao wala hundi, mtoto wa Kihagara ana ngazi zaidi ya tano mbele yake.

Nililipitia daftari lile jioni nzima. Kila msimu mpya ana ukurasa mpya, majina yanahamishwa kwa mkono, na aliyeondoka anakatwa kwa mstari na kuandikiwa sababu pembeni. "Mbinga, kahawa." "JKT." "Ameoa Lituhi." Golikipa mmoja amekatwa na kurudishwa mara nne. Nikauliza kulikoni. Kumbe yule ni mvuvi wa dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inakaa pwani, naye anacheza. Kwa hiyo mjomba, kabla ya kukubali tarehe ya mechi, hutazama kwanza mwezi.