Sanduku la Bibi Kutoka Iringa: Kabla Hujabandika Picha



Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu, anayetarajia kuolewa inshallah baada ya Ramadhani, alinijia na sanduku la marehemu bibi yangu. Ni sanduku la safari la kadibodi ngumu, lenye pembe za bati na vitasa viwili vilivyoshika kutu. Alitaka kulibandika picha za zamani za ukoo nje nzima, alipake vanishi, kisha liwekwe mlangoni siku ya harusi watu watie kadi na zawadi. Kazi hiyo huitwa dekupaji, na mashallah ikifanywa vizuri inapendeza. Lakini nilimwambia, "Mwanangu, kaa kwanza nikuhadithie sanduku hili limepita wapi."

Kwetu pwani, bibi harusi na sanduku ni mambo ya tangu na tangu. Bibi zetu walikuwa na masanduku mazito ya mbao yaliyopigwa misumari ya shaba, mengi yakiletwa na majahazi kutoka India. Ndani kulikuwa na kijisanduku cha dhahabu, na chini saraka za vitu vidogo vidogo. Baadaye yakaja masanduku mepesi ya kushika mkononi, yanayofaa meli, gari moshi na basi. Hadi leo bwana harusi hupeleka sanduku lenye khanga, nguo na manukato.

Bibi alizaliwa Ng'ambo, Unguja. Mwaka 1956 aliolewa na mtu aliyekuwa akifanya biashara Iringa. Alivuka kwa meli hadi Dar es Salaam, akapanda gari moshi hadi Dodoma, kisha basi la kupanda milimani, na sanduku hili miguuni. Hakuwa wa kwanza kutoka pwani kufika huko. Misafara ya biashara ilipeleka Kiswahili na Uislamu bara tangu karne ya 19, na baadaye askari na wachuuzi Waislamu walikaa karibu na maboma ya Wajerumani.

Lakini Wahehe walikuwa na historia yao kabla ya boma. Mtwa Mkwawa aliwashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Ngome yake ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894, naye akaendelea kupigana hadi alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Fuvu lililorudishwa kama lake lilikabidhiwa kwa Wahehe mwaka 1954 na gavana Edward Twining, na liko katika makumbusho ya Kalenga. Bibi alipofika, miaka miwili baadaye, habari hiyo bado ilikuwa midomoni mwa watu.

Iringa ilimtia baridi ambayo hakuwahi kuijua. Jirani yake, mama wa Kihehe, ndiye aliyemfundisha kuwasha moto wa mkaa chumbani bila kujaza moshi, na kusuka vikapu vya milulu. Walipiga picha pamoja studio. Bibi amevaa koti zito juu ya gauni, nywele ziko wazi kwa sababu waliokuwamo ni wanawake tu. Miguuni kwao liko sanduku.

Miaka ya sitini wakahamia Mbeya, mji uliokua kutokana na dhahabu ya Lupa, kule Chunya, katika miaka ya 1920 na 1930. Huko Bibi aliona masanduku mengine kama lake. Wanaume wengi wa Rungwe walikuwa wamekwenda kufanya kazi migodini Afrika Kusini kupitia Wenela, wakarudi na nguo na mablanketi. Baada ya uhuru wa 1961 serikali ilisimamisha uandikishaji huo. Wake zao walimwambia Bibi kwamba sanduku ndilo lililowajulisha kama mume amerudi kukaa au amekuja kuaga tena. Likipandishwa juu ya kabati, amerudi. Likibaki mlangoni, ataondoka.

Kisha ikaja Reli ya Uhuru. Ujenzi ulianza mwaka 1970 kwa msaada wa China, na mwaka 1976 reli ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi huko Zambia, ikakabidhiwa. Mbeya ikawa na stesheni kubwa. Babu alipofariki, Bibi alirudi pwani kwa treni hiyo. Sanduku alilokwenda nalo kama bibi harusi akarudi nalo kama mjane, na picha zake zote zikiwa ndani.

Sasa turudi kwenye dekupaji. Neno hili lina asili ya Kifaransa, kutokana na kitendo cha kukata. Katika karne ya 18, mafundi wa Venice walikata picha zilizochapishwa, wakazibandika kwenye samani na kuzifunika kwa vanishi tabaka juu ya tabaka, ili zifanane na kazi ghali za China na Japani. Uingereza alikuwapo Mary Delany, mjane aliyeanza akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70 kutengeneza maua kwa vipande vya karatasi za rangi. Alitengeneza karibu 1,000, nayo yamehifadhiwa British Museum, London. Angalieni jambo moja: mafundi wa Venice walitumia picha za kuchapa, na Bi Delany alitumia karatasi. Hakuna aliyepaka gundi kitu ambacho kiko kimoja tu duniani.

Mimi nilifanya hivyo. Miaka kumi iliyopita nilitaka kupamba kisanduku cha vipodozi, nikachukua ile picha ya Bibi na jirani yake wa Iringa. Nikaipaka gundi nyeupe mbele na nyuma. Picha za zamani zina utando mwembamba juu yake, na ukilowa huvimba. Nilipopitisha brashi mara ya pili, uso wa yule mama ulinyanyuka kama utando wa maziwa, ukatoka. Na nyuma ya picha, ambako sasa kumegandana na ubao, Bibi alikuwa ameandika jina lake kwa kalamu ya wino. Sikuwahi kulisoma vizuri. Bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na katika ukoo hakuna anayelikumbuka. Mwanamke aliyemfaa bibi yetu ugenini, mimi ndiye niliyemfutia jina.

Kwa hiyo nilimwekea mtoto masharti, na nanyi nawapa.

Kwanza, picha ya asili haiguswi na gundi. Isomeni nyuma, andikeni majina daftarini, kisha mtoe nakala. Nakala ya mashine ya leza kwenye karatasi ya kawaida ni nzuri, kwani wino wa mashine nyingi za nyumbani hutawanyika ukikutana na gundi ya maji. Lisugueni sanduku kwa msasa, pakeni gundi nyepesi, bandikeni, toeni mapovu kwa kitambaa, na mkikauka pakeni vanishi tabaka tatu au nne.

Pili, angalieni hewa. Picha hizi zilikaa miaka mingi kwenye baridi ya Iringa na Mbeya bila doa. Zilipofika Unguja zikaanza ukungu. Zitieni katika bahasha za karatasi, mahali pakavu, zisikae kwenye plastiki inayotoa jasho.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, ni sitara. Wanazuoni wametofautiana kuhusu picha, na kila mmoja amuulize anayemwamini. Lakini bibi aliyepiga picha nywele wazi mbele ya wanawake wenzake hakuturuhusu tumweke mlangoni mwa ukumbi apitiwe na kila mwanamume. Kufa hakumwondolei mtu heshima yake.

Tulikubaliana hivi. Nje ya sanduku tumebandika ramani, stesheni ya Mbeya, na lile boma la Iringa ambalo tangu 2016 ni makumbusho. Ndani ya mfuniko, ambako mabibi harusi peke yao hutazama, tumeweka nakala za wanawake wa ukoo, na chini ya kila mmoja jina lake. Pameachwa nafasi moja tupu. Ni ya yule mama wa Kihehe. Kila aliyeuliza mbona hapana picha, mtoto amemjibu kwa kumhadithia.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na awajaalie mabibi harusi wetu ndoa zenye utulivu. Amin.