Uvimbe

Neno uvimbe limebebeshwa maana mbili: donge liotalo mwilini, pengine la saratani, na hali ile aliyoibainisha Celsus, mwandishi wa tiba wa Roma ya kale, kwa alama nne, wekundu, joto, kuvimba na maumivu. Hii ya pili, ambayo ningependa waganga waiite uvimbe wa moto ili mgonjwa asiingiwe na hofu bure, huja kwa amri: mwiba ukichoma kidole, seli za kinga zikaazo nyamani hutoa risala za kikemia, saitokini, zipanuazo mishipa midogo hata maji ya damu yakavuja, kisha risala nyingine, kama intalukini-10, huamrisha utulivu. Amri ya kwanza isipokoma, viungo hudhurika, kama katika baridi yabisi, ambayo watafiti Feldmann na Maini, mjini London mwaka 1992, waliitibu kwa kuizuia risala moja tu, TNF, na wagonjwa wakapata nafuu.